Teke Dogo, Mwili Mnyoofu: Mwongozo wa Kupiga Miguu kwa Waogeleaji wa Kolwezi

Anayejifunza kuogelea mtindo huru, ambao wengi huku Katanga huuita krauli, huambiwa jambo moja kabla ya mengine yote: piga miguu. Naye hupiga kwa nguvu zote alizo nazo, magoti yakikunjika na maji yakiruka, na akifika katikati ya bwawa pumzi imemwishia na ukuta wa pili bado uko mbali. Hapo huambiwa kwamba miguu yake haina nguvu, aongeze bidii. Mwongozo huu unashikilia hoja iliyo kinyume na ushauri huo. Kazi ya kwanza ya miguu katika mtindo huru ni kuuweka mwili ulale sawa juu ya maji na kuusaidia ugeuke ubavu kwa wakati wake. Kuusukuma mbele ni kazi ya pili, nayo hugharimu sana. Muogeleaji wa Kolwezi, anayeogelea katika maji yasiyo na chumvi, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,400, na pengine katika bwawa fupi la hoteli au la klabu, ana sababu za ziada za kulielewa jambo hili. Hoja hii ina wapinzani, tena wengine wana vipimo mkononi, kwa hiyo tutawajibu njiani.

Kwa nini miguu huzama

Kifua kina mapafu, na mapafu yana hewa. Nyonga na mapaja vimejaa mifupa na misuli mizito. Kwa sababu hiyo, maji huunyanyua mwili wako zaidi upande wa kifuani, ilhali uzito huuvuta chini zaidi upande wa nyonga. Kitovu cha mnyanyuo huo na kitovu cha uzito vimeachana kwa sentimita chache tu, lakini zinatosha: ukilala kifudifudi majini bila kufanya lolote, kifua kitabaki juu na miguu itaanza kushuka. Kijana mwenye misuli mingi na mafuta machache, kama walivyo wengi wanaoshinda wakicheza mpira, huzama upande wa miguu upesi zaidi. Wanawake, ambao kwa kawaida wana mafuta zaidi kwenye nyonga na mapaja, huelea vizuri zaidi. Chumvi nayo ina mchango wake. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa karibu gramu 1,025, na lita ya maji ya bwawa au ya Ziwa Nzilo gramu 1,000. Tofauti hiyo ya asilimia mbili na nusu inaonekana ndogo, lakini uzito wa mwili wa binadamu unakaribiana sana na uzito wa maji ambayo mwili huo unachukua nafasi yake, kwa hiyo kiasi hicho kidogo kinaweza kuamua kama visigino vitakaa juu au vitashuka. Anayejifunza Mombasa au Unguja husaidiwa na bahari. Wewe wa Lualaba itakubidi ujisaidie kwa ufundi.

Miguu ikishuka, huharibu zaidi ya sura ya muogeleaji. Mwili uliolala sawa hupita kwenye njia nyembamba ya maji, na ulioinama hulazimika kuyasukuma maji kwa kifua, tumbo na mapaja kwa pamoja. Tena ukinzani wa maji haukui sambamba na kasi. Ukiongeza kasi mara mbili, ukinzani huongezeka karibu mara nne, na nguvu unayotakiwa kutoa huongezeka karibu mara nane. Ndiyo maana kwa mtu anayeanza, kuondoa ukinzani kunalipa haraka kuliko kuongeza nguvu. Anayepiga miguu kwa fujo huku nyonga zikiwa chini anafanya kazi mbili zinazopingana: anajisukuma mbele kwa jasho na kujizuia kwa mwili wake mwenyewe.

Mfano ulioonekana na dunia nzima ni wa Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta, aliyeogelea mita 100 mtindo huru katika Olimpiki ya Sydney mwaka 2000. Alikuwa amejifunza kwa miezi michache tu katika bwawa dogo la hoteli, na hakuwa ameona bwawa la mita 50 kabla ya kufika Australia. Mita 50 za kwanza alikwenda. Katika urefu wa pili miguu ilishuka, mwili ukakaribia kusimama wima, na mikono ikawa inapapasa maji bila kuyashika. Alimaliza kwa dakika 1 na sekunde 52.72. Wengi walicheka, na wachache waliangalia kwa makini: nia hakukosa hata kidogo, alichokosa ni mwili uliolala sawa pale pumzi ilipopungua. Baada ya kupata mazoezi ya kweli, inaelezwa kwamba aliteremsha muda wake hadi chini ya sekunde 57, na mwaka 2012 akawa kocha wa timu ya taifa lake. Ni mtu yule yule, na muda umepungua kwa karibu nusu. Kwa msomaji anayefanyia mazoezi katika bwawa la hoteli, mfano huo unafundisha mengi kuliko kanda za mabingwa.

Miguu inasukuma kiasi gani?

Mwaka 1999 watafiti watatu wa Ufaransa, Deschodt, Arsac na Rouard, walichapisha vipimo vya waogeleaji waliokwenda mbio za mita 25, mara wakitumia mwili mzima, mara wakitumia mikono peke yake. Miguu iliongeza karibu asilimia 10 ya kasi, na sehemu kubwa iliyobaki ilitoka kwenye mikono. Watafiti hao waliona pia kwamba miguu inapofanya kazi, hata njia ya mkono ndani ya maji hubadilika na mvuto wa mkono hunufaika. Jambo hilo la pili ndilo lenye uzito zaidi kwetu. Maana yake ni kwamba sehemu ya msaada wa miguu hupitia mikononi: miguu huushika mwili mahali pake, na mkono hupata kitu imara cha kuegemea unapovuta. Miaka mingi kabla yake, James Counsilman, kocha wa Chuo Kikuu cha Indiana aliyemfundisha Mark Spitz, alikuwa ameandika katika kitabu chake cha 1968, The Science of Swimming, kwamba kazi kuu ya miguu katika mtindo huru ni kuutuliza mwili. Aliwavuta waogeleaji kwa kamba kwa kasi mbalimbali huku wakipiga miguu, akaona kwamba kasi ikishakuwa kubwa miguu haiongezi kitu, na wakati mwingine hurudisha nyuma.

Mpinzani wa kwanza atasema kwamba asilimia 10 si haba, naye hajakosea. Anayeogelea mita 100 kwa sekunde 60 angehitaji karibu sekunde 66 au 67 kwa kasi iliyopungua hivyo, na katika mashindano hiyo ni tofauti ya kuingia fainali na kubaki jukwaani. Atakukumbusha pia historia: Duke Kahanamoku wa Hawaii alishinda mita 100 katika Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912 kwa miguu iliyopiga upesi na mfululizo, na tangu hapo mbio fupi zimekuwa za watu wenye miguu hodari. Yote hayo ni kweli. Lakini asilimia 10 hiyo ilipimwa kwa watu ambao tayari miili yao imelala sawa na vifundo vyao vimelegea, tena katika mbio za mita 25 ambapo hakuna anayejali pumzi. Anayeanza hana mtaji huo. Akiiga kishindo cha bingwa bila umbo la bingwa, hulipa gharama yote bila kupata faida yake.

Gharama ya pumzi kwenye mwinuko wa Kolwezi

Misuli mikubwa kuliko yote mwilini ni ya mapaja na makalio, na misuli mikubwa hula oksijeni nyingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Ingvar Holmér wa Sweden aliwapima waogeleaji katika mfereji maalumu wa maji yanayotiririka, na akaonyesha kwamba kwa kasi ile ile, kuogelea kwa miguu peke yake kunahitaji oksijeni nyingi kuliko kuogelea kwa mikono peke yake. Kwa hiyo kila teke la kupita kiasi ni mkopo, na deni lake hudaiwa kabla hujafika ukutani.

Kwenye mwinuko wa Kolwezi mkopo huo una riba. Hewa ina asilimia ile ile ya oksijeni kama ya pwani, lakini kanieneo yake ni karibu asilimia 85 ya ile ya usawa wa bahari, hivyo kila pumzi huingiza oksijeni pungufu. Hapa mtu anaweza kupinga kwamba wenyeji wamezoea, maana hupanda ngazi, hucheza mpira na hufanya kazi migodini bila shida. Ni kweli kwamba mwili wa mkaazi hujirekebisha kwa sehemu. Lakini mchezaji mpira anayetweta husimama na kuhema apendavyo, ilhali muogeleaji wa mtindo huru hupumua pale tu mdomo unapotoka majini, kwa mpigo uliopangwa na mikono. Hawezi kuongeza pumzi bila kuvuruga mwendo mzima. Kwa hiyo kwake njia ya uhakika ya kutokosa hewa ni kupunguza matumizi, na matumizi ya kwanza kupunguzwa ni ya miguu.

Mabingwa wa mbio ndefu nao hufanya hesabu hiyo. Katika fainali ya mita 1,500 ya London mwaka 2012, Sun Yang wa China alimaliza kwa dakika 14 na sekunde 31.02, rekodi ya dunia wakati huo. Wastani wake kwa kila mita 50 ulikuwa sekunde 29 na kidogo, lakini mita 50 za mwisho alizipita kwa sekunde 25.68, miguu ikiwa imefunguliwa. Miguu hiyo haikuzaliwa katika urefu wa mwisho. Ilikuwepo tangu mwanzo, ikifanya kazi ya kuuweka mwili sawa, na nguvu yake ikiwekwa akiba mpaka ilipohitajika.

Teke lenyewe

Anzia kwenye nyonga. Paja ndilo linaloanza, goti hufuata kwa kukunjika kidogo, na unyayo humaliza kwa mchapo mwepesi. Goti likiwa ndilo linaloanza, kama katika kuendesha baiskeli, paja huyasukuma maji kuelekea mbele na kukuzuia. Ukubwa wa teke, kutoka unyayo wa juu hadi wa chini, usizidi sana sentimita 30 hadi 40, yaani miguu ibaki ndani ya kivuli cha mwili. Vidole gumba vya miguu vielekee ndani kidogo na vikaribie kugusana vinapopishana. Kisigino kiguse uso wa maji na kuyachemsha kidogo, kisiruke hewani, kwa sababu mguu ulio hewani hausukumi chochote na ukirudi hubeba mapovu ambayo hayashikiki. Usisahau pia safari ya kurudi juu. Wengi hupiga chini kwa nguvu na kuuacha mguu upande wenyewe. Upandishe ukiwa umenyooka, kwa misuli ya makalio na nyuma ya paja, nawe utaona nyonga zikitulia.

Kifundo cha mguu ndicho kinachoamua kama juhudi hiyo itazaa mwendo. Unyayo unaonyooka vizuri huwa kama pezi, na uliosimama kwa pembe huwa breki. Wapo watu wanaopiga miguu kwa bidii na kibao mikononi wakajikuta wamesimama pale pale, au hata wanarudi nyuma. Wachezaji mpira na wakimbiaji wako hatarini zaidi, kwa kuwa michezo yao hutaka kifundo kilichokaza. Anayemaliza zamu ndani ya buti ngumu za mgodini naye huweza kufika bwawani vifundo vikiwa vimekaza. Hapa huanguka dhana kwamba mguu wenye nguvu uwanjani lazima uwe na nguvu majini. Jipime nyumbani: kaa chini, nyoosha miguu mbele, kisha elekeza vidole mbali nawe. Kama vidole vinabaki vikitazama juu, una kazi ya kufanya, na kazi hiyo haihitaji bwawa. Piga magoti juu ya mkeka, nyayo zikiwa zimelala chali, kalia visigino taratibu kwa nusu dakika, pumzika, rudia mara nne, kila siku. Mwenye maumivu ya magoti asikae hivyo. Akae kwenye kiti na aunyooshe unyayo kwa mkono. Matokeo huchukua majuma kadhaa, basi usilazimishe.

Mapigo mawili au sita?

Katika mzunguko mmoja wa mikono, yaani mkono wa kulia na wa kushoto kila mmoja mara moja, miguu inaweza kupiga mara mbili, mara nne au mara sita. Siri ya zote ni moja, nayo ni mshazari: mkono wa kulia unapoingia majini na kunyooka mbele, mguu wa kushoto hupiga chini. Teke hilo huinua nyonga ya kushoto, mwili hugeuka ubavu wa kulia, na mkono wa kushoto unaovuta hupata nguvu ya mgongo mzima. Kwa upande wa pili hali hugeuka. Anayepiga mara mbili hufanya hayo tu. Anayepiga mara sita huongeza mapigo mawili madogo kati ya kila teke kuu na jingine.

Kwa anayetaka afya, kuvuka bwawa mara nyingi au kushiriki triathloni ambako miguu inangojewa na baiskeli na mbio, mapigo mawili yanatosha, na kwenye mwinuko huu ndiyo chaguo la busara. Kwa anayetaka mashindano ya mita 50 na 100, mapigo sita ni ya lazima. Hili linawahusu vijana wenye ndoto ya kuvaa rangi za taifa, kwa sababu mlango ambao nchi zenye mabwawa machache huupitia kwenda Olimpiki mara nyingi ni mbio fupi. Stany Kempompo Ngangola alipoiwakilisha Kongo Beijing mwaka 2008, aliogelea mita 50 mtindo huru. Lakini hata kijana huyo ajifunze kwanza mapigo mawili. Akishaujua mshazari, mapigo ya ziada yatajipanga yenyewe. Akianza na sita bila mshazari, atakuwa na mashine mbili, moja ya mikono na nyingine ya miguu, kila moja ikienda kwa saa yake.

Kibao, boya na mapezi

Kundi la pili la wapinzani linakwenda upande mwingine kabisa. Linasema kwamba kama miguu hula hewa na kuzaa kidogo, basi boya libanwe mapajani na miguu isahauliwe. Kosa lake ni kudhani kwamba kinachopimwa kuwa kidogo hakina kazi. Boya huinua nyonga, na kwa kufanya hivyo huficha ugonjwa bila kuutibu: siku utakapoliacha, miguu itashuka kama mwanzo. Tena huondoa teke la mshazari, na mwili hukosa cha kuuanzishia mgeuko. Boya ni kifaa kizuri cha kupimia. Ogelea urefu mmoja bila boya, pumzika vizuri, kisha urefu huo huo ukiwa nalo, na mtu akushikie saa. Ukienda upesi zaidi na boya, miguu yako inakuzuia, na tatizo ni umbo. Muda ukiwa sawa, miguu yako inajilipia tu. Ukienda polepole zaidi na boya, teke lako limeanza kukufaa. Rudia kipimo hicho kila mwezi. Usipopata boya la dukani, chupa mbili za plastiki za lita moja, tupu na zilizofungwa barabara, zikiunganishwa kwa kamba, zitatosha kwenye kina kifupi.

Kibao nacho kina faida na madhara. Hukuza ustahimilivu wa mapaja na kuipumzisha mikono, lakini kwa kuwa hukuinua kichwa na kifua, hukufundisha kupiga miguu ukiwa katika umbo ambalo huliogelei. Mgongo hupinda, nyonga hushuka, na mwili haugeuki ubavu hata kidogo. Kitumie kwa uchache. Kilicho bora kwa mwenye muda mfupi wa bwawa ni kupiga miguu ukiwa umelala ubavu: mkono wa chini umenyooka mbele, wa juu umelala pajani, sikio limelala begani, uso ukitazama chini na kugeuka juu pale tu unapotaka hewa. Zoezi hilo hukupa usawa, teke na pumzi kwa pamoja. Mapezi mafupi husaidia kifundo kuhisi mnyooko, lakini yavae kwa robo ya mazoezi tu, kwa sababu kasi yake ni ya kuazima.

Mpango wa mazoezi

Tuseme una vipindi viwili kwa juma, kila kimoja cha dakika 45, katika bwawa la mita 25. Kama bwawa lako ni fupi zaidi, hesabu kwa sekunde badala ya marefu, na usijisukume ukutani kwa nguvu, maana katika bwawa la mita 12 ukuta unaweza kufanya nusu ya kazi na kukudanganya. Majuma manne ya kwanza ni ya usawa. Anza kwa dakika 10 za mwendo wa taratibu. Kisha fanya dakika 10 za kupiga miguu kwa ubavu, nusu urefu upande mmoja, nusu upande wa pili, ukipumzika sekunde 20 kila unapofika ukutani. Fuatisha dakika 20 za mtindo kamili, urefu mmoja mmoja, akili ikiwa kwenye jambo moja tu: mguu wa kushoto na mkono wa kulia, mguu wa kulia na mkono wa kushoto. Maliza kwa dakika 5 za kuelea na kujinyoosha. Hesabu mizunguko ya mikono katika kila urefu. Ikipungua bila muda kuongezeka, unaendelea vizuri, hata kama hujisikii umechoka.

Majuma manne yanayofuata ongeza nguvu kidogo kidogo. Weka mbio sita hadi nane za kupiga miguu, kila moja ya sekunde 12 hadi 15, kwa kasi yako yote lakini kwa teke lile lile dogo, na pumziko la sekunde 45 hadi 60 katikati. Pumziko hilo refu ni la makusudi. Kwenye mwinuko huu mwili huchelewa kidogo kurudisha pumzi, na teke linalopigwa kwa uchovu hurudia makosa ya zamani. Sehemu ya miguu katika kipindi chote isizidi robo. Kama lengo lako ni mita 50, maliza kwa marefu mawili ya mapigo sita kwa nguvu zote. Kama lengo ni umbali, maliza kwa mapigo mawili mfululizo na ubadilishe kuwa sita katika mita 10 za mwisho pekee, ili mwili ujue njia ya kufungua akiba.

Katika miezi ya Juni na Julai, kiangazi cha Katanga kinapoleta usiku wa baridi, bwawa lisilopashwa moto huwa baridi hadi saa za mchana. Misuli baridi inayonyoosha unyayo hubanwa kwa urahisi. Ogelea mchana, ongeza dakika za kuchangamsha mwili nje ya maji, na ukihisi shavu la mguu limebana, shika ukuta, vuta vidole kuelekea gotini, ngoja lilegee kisha utoke. Usijaribu kulishinda kwa kuendelea kuogelea.

Mahali pa kujifunzia

Mazoezi haya yafanyike katika bwawa lenye maji safi, ukuta wa kushika na mtu anayekutazama. Ziwa Nzilo, lililozaliwa na bwawa la umeme lililojengwa kwenye mto Lualaba miaka ya 1950, linavutia macho, lakini si mahali pa kujifunzia kupiga miguu: kina kinabadilika, hakuna ukuta, na Lualaba ni mto wenye mamba na viboko. Maji yasiyotembea sana kwenye kingo zenye majani yanaweza kubeba konokono wa kichocho. Mito midogo inayopita kati ya migodi, kama Musonoi na Luilu, imechafuliwa na shughuli za uchimbaji. Mashimo ya zamani ya migodi yaliyojaa maji ndiyo mabaya kuliko yote, kwa kuwa kingo zake hushuka wima, udongo wake humomonyoka, na aliyeingia anaweza kukosa pa kutokea. Mzazi anayemwona mtoto akielekea huko asingoje siku ya pili kumkataza.

Kwa hiyo, msomaji, usiipime miguu yako kwa maji inayorusha. Ipime kwa saa, kwa idadi ya mizunguko ya mikono, na kwa pumzi inayokubakia unapogusa ukuta. Anza na umbo, legeza vifundo, jifunze mshazari, kisha ndipo uongeze nguvu, kwa kiasi ambacho umbali wa mbio zako unadai. Na wewe unayefundisha watoto, acha kuwapigia kelele waongeze bidii ya miguu. Walaze ubavu kwanza, nao wajifunze kupiga teke dogo.